Mhariri Anataka Nimwache Mzee Aliyewaokoa Farasi Wangu

Mpendwa Shangazi Lorraine, naomba unisaidie, maana usingizi umenipaa na nisipopata mtu wa kuniambia ukweli nitampoteza mzee wangu au nitaipoteza kazi niliyomwomba Mungu tangu nikiwa msichana wa shule hapa hapa Toledo.

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya katuni, na kazi yetu hugawanywa: mimi nachora kwa penseli, kisha kurasa zinakwenda kwa mtia wino, naye anapita juu ya mistari yangu kwa brashi ili ichapike, na mtia wino wangu tangu siku ya kwanza ni Milo Hruska wa Cleveland, mzee wa miaka sabini na ushee, ambaye nilipopewa kitabu changu cha kwanza, cha sherifu mjane na farasi wake, aligundua kitu ambacho mhariri wetu kule New York hakukijua, kwamba sijui kuchora farasi, Shangazi, hata mmoja. Alinipigia simu. "Binti, huyu mbwa sherifu aliyempanda ni wa nani?" Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe mzee alikwisha kuwanyoosha miguu wote kwa brashi yake, na mhariri akawapokea wakiwa farasi kamili. Mwezi uliofuata akapiga tena: "Mkono wa jambazi wako una vidole sita na bastola moja. Cha sita ni cha kukunia mgongo?" Hakunisema kwa mtu yeyote, miaka yote hii. Lakini hajawahi kunisifu pia, maana kitu kikimpendeza hunyamaza tu, halafu anaomba kahawa, na kahawa hiyo nimeisikia ikiombwa mara chache mno.

Jumapili huwa naenda kwao, na mkewe, Mama Ludmila, hunipakulia nyama ya nguruwe na kabichi na madonge ya unga, ila kabla sijagusa sahani mzee hunipa brashi na gazeti kuukuu. "Piga mistari kwanza, ndipo ule. Hapa si hotelini." Sasa tangu mwaka jana mkono wake unatetemeka, mstari uliotakiwa uwe kama unywele unatoka kama kamba, na katika kurasa nyingine hunirudishia farasi wakiwa bila wino kabisa, "Watie wewe, umewazaa, uwalee," nami nawatia, na Krismasi akanipa brashi yake mwenyewe, ile ambayo hata Mama Ludmila haruhusiwi kuiosha, nikalia kama mtoto, nikaifunga kwa kitambaa cha hariri na kuiweka kabatini iwe kumbukumbu.

Wiki iliyopita mhariri amenipa kitabu kikubwa kuliko vyote vya kampuni, cha yule shujaa wa joho ambaye picha yake watoto wanailalia kwenye mashuka. Sharti lake moja: "Leta mtia wino yeyote umtakaye, ila si Hruska. Mkono wa mzee umekwisha." Anataka jibu wiki ijayo. Mume wangu, Clyde, ananifuata mpaka jikoni: "Mwambie ndiyo kabla hajazinduka, mke wangu! Mzee amekula chumvi nyingi, ataelewa." Mimi siwezi. Kila mkate ninaokula umepitia kwenye brashi ya yule mtu. Nimefikiria nimkatalie mhariri, kisha nimwambie mzee kwamba hawakunitaka, tuendelee na mjane wetu mpaka wote wawili tuchoke. Nifanye nini?

Wako,
Farasi Mwenye Miguu ya Mbwa, Toledo

*

Mpendwa Farasi,

Barua ninazoletewa kila wiki ni za watu wanaolia kwamba hakuna aliyewasaidia. Wewe unalia kwa kusaidiwa mno, na nimeisoma barua yako mara mbili kwa raha. Hongera kwa kitabu.

Sasa kaa nikuseme. Huo uongo wa "hawakunitaka" usiuite shukrani. Unataka kumwambia mzee wa watu kwamba miaka yote aliyonyoosha miguu ya farasi wako amefundisha mtu asiyetakiwa? Aibu hiyo amekukosea nini hata umpe?

Soma tena ulichoandika mwenyewe. Mtu anakupigisha mistari kwa brashi kabla ya kukulisha. Anakurudishia farasi bila wino, na unawatia, na kitabu kinatoka. Kisha anakupa brashi isiyoguswa na mke wake. Mkono wake unatetemeka mbele ya macho yake kila siku, mwanangu, hakuhitaji kupigiwa simu na New York. Mwaka mzima mzee anakukabidhi kazi, na wewe kazi hiyo umeifunga hariri ukaitia kabatini! Brashi hiyo si picha ya marehemu. Itoe, uioshe, uilowanishe wino leo hii.

Mhariri amesema mtia wino yeyote. Yeyote huyo ni wewe. Mwombe ukurasa mmoja wa majaribio, utie wino mwenyewe, aone.

Lakini usimpe jibu kabla ya Jumapili. Nenda Cleveland, Clyde mwache nyumbani, anafaa kwa mambo mengine. Mwambie mzee maneno ya mhariri kwa kinywa chako, yote, asije akayasikia kwa watu. Huenda akakasirika. Mwache akasirike, mkono ni wake. Kisha mwombe mmalizie pamoja kitabu cha mwisho cha mjane, na umwambie mhariri bila kupepesa macho kwamba katika ukurasa wa kwanza jina la Hruska linatangulia lako. Na mzee umwambie asante kwa sauti, Mama Ludmila naye asikie. Najua hasifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye hakutaka lako liwe na maji. Hilo halikuzuii wewe kusema.

Ukishasema, omba karatasi. Mchoree farasi hapo hapo mezani, umtie wino kwa brashi yake, umsogezee. Akisema ni mbwa, cheka naye, uanze upya. Akinyamaza, akaomba kahawa, Mama Ludmila asinyanyuke. Inuka wewe ukamletee.

Shangazi Lorraine