Leseni ya Duka la Bunduki, Igogo

Jumatatu, 6 Machi 1995
Alama za vidole tena. Za kwanza zilififia. Nimenawa mara tatu, wino haujatoka. Bado barua ya mtendaji wa kata, wadhamini wawili, na chumba cha silaha kisicho na dirisha, mlango wa chuma. Marehemu baba alitunza stoo ya bunduki kwenye duka la serikali mpaka lilipofungwa. Sasa watu binafsi wanaruhusiwa kuuza. Yeye hakuwahi kupata nafasi hiyo. Nitauza mimi. Asubuhi nzima ukungu ziwani, mawe kama yanaelea.

Alhamisi, 9 Machi
Fundi ameziba dirisha la chumba cha baba. Mama alikaa kitandani mpaka tofali la mwisho. Kisha akasema chumba kimesinzia.

Jumapili, 12 Machi
Kaka Masanja amekuja kutoka Usagara. Ng'ombe wake wameibwa, wamebaki wawili. Anataka bunduki ya baba. Nikamweleza sheria: mwenye kibali akifa, bunduki inarudi polisi. Anayeitaka aombe kibali chake.
"Kabula, mimi ni mwizi?"
"Hapana, kaka. Ila huna kibali."
Aliondoka bila kula. Mama hakunitazama.

Jumatatu, 13 Machi
Askari wawili wameichukua bunduki. Nimesaini. Nilichelewa kuirudisha, nilipenda harufu yake ya mafuta. Harufu ya baba. Nyumba nyepesi. Mimi pia, kama natembea juu ya maji.

Alhamisi, 23 Machi
Masanja amejeruhiwa. Yeye na sungusungu, walinzi wa kijiji, walifuata nyayo za ng'ombe, wana mishale tu. Wezi walikuwa na bunduki. Risasi imempata pajani. Nilikwenda hospitali, akageukia ukutani. Kosa langu. Si kosa langu. Naandika yote mawili.

Jumatatu, 3 Aprili
Alfajiri nimeota ziwa limekauka. Baba anatembea chini kwenye tope, anaita namba za bunduki, mimi naandika. Kalamu haitoi wino.
Mchana afisa wa polisi kakagua chumba. Kagonga kuta, kavuta mlango. Kauliza nani anaishi hapa, nani anakunywa pombe. Mwisho akasema atamhoji na kaka yangu. Basi, imekwisha; kaka hatanisemea mema.

Ijumaa, 21 Aprili
Leseni imetoka.
Afisa alinisomea masharti. Nisimuuzie asiye na kibali. Kila bunduki na namba yake daftarini, na jina la aliyenunua. Wakija kukagua, nifungue. Nikauliza kaka alisema nini. Akafunua faili, akasoma taratibu: "Huyo hata mimi kaka yake alininyima bunduki."
Akasema maneno hayo ndiyo yaliyonipa leseni.
Nimekaa kwenye ngazi za kituo cha polisi. Watu wa Nyamagana wanapita mbele yangu, sisikii hatua zao. Furaha niliyoingoja haikuja.

Jumapili, 7 Mei
Usagara. Masanja anatembea kwa mkongojo. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, akasema, basi. Tukakaa kwenye kivuli cha nyumba. Mbele yetu zizi, ng'ombe wawili, vumbi likipanda polepole kwenye mwanga. Hakuuliza habari za duka. Kivuli kikahama, tukahama nacho.
Wifi alileta maziwa ya mgando, kikombe kimoja. Kaka akanywa nusu, akanisogezea.
Nikanywa.