Nimerudi kutoka Angani kwa Basi la Arusha

Ijumaa, asubuhi. Kipawa.

Mvua ya alfajiri imeacha madimbwi uani na kuna kijibaridi, kile ambacho Dar hutupa kwa dakika kumi halafu hujutia. Nimekaa kitandani na simu mapajani. Mwili wangu haujaamini kwamba umefika. Nikifumba macho kitanda kinaelea, kinapanda taratibu, kinakata kona kushoto, na chini yangu kuna bonde lenye moshi wa majiko ya watu nisiowajua.

Siku sita nilikuwa Kenya, kule Iten, nikiruka na parashuti. Si ile ya kujitupa kutoka kwenye ndege. Hii unafungwa mikanda pamoja na mwalimu aliye nyuma yako, mnakimbia kwenye mteremko mpaka ardhi inaisha, na upepo unawachukua. Tulikuwa kumi na mmoja kutoka Dar, wengi tulijuana kwenye kundi la WhatsApp tu. Aliyeniingiza ni Neema, mwalimu mwenzangu anayeishi Madale, Mchaga asiyeogopa kitu chochote duniani ila mende.

Mama aliambiwa naenda semina Arusha.

Naandika hilo peke yake ili nilione vizuri.

Nina miaka thelathini na nne, nafundisha darasa la tatu, watoto sabini wananiogopa, na bado nilimdanganya mama kama mtoto aliyevunja kikombe. Sababu ninayo. Nilipokuwa darasa la tano baba alianguka mnazi kwetu Kimbiji. Hakufa siku ile. Aliishi miaka mingi baadaye akiburuta mguu, akaja kufa kwa maradhi mengine kabisa. Lakini tangu hapo mama hataki kusikia habari za juu. Sikuruhusiwa hata kupanda mpera. Mpaka leo fundi akipanda kuziba bati, mama huingia chumbani na kufunga mlango hadi ashuke. Mtu wa namna hiyo ningemwambiaje?

Basi nikamuaga kwa semina. Na kwetu kuaga si kupunga mkono. Unakwenda mbele ya mzazi, unasema unakwenda wapi na kufanya nini, unaomba ruhusa, naye anakuwekea mkono kichwani na kukusomea dua. Mama alisoma ndefu. Akaongeza kwamba atafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya safari yangu, maana mabasi ya siku hizi yanamtia wasiwasi. Nikaitikia amin huku nimeinamisha uso.

Siku ya kwanza pale ukingoni, Mwalimu Kiprop, aliyeruka nami siku zote, alinipa sharti moja tu: nikimbie, nisikae. Alisema watu wengi wakiona ardhi inaisha hukaa, na kukaa ndiko kunakowaharibia. Nilikimbia. Ghafla miguu ikawa inapiga hewa tupu. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbuka Mungu, lakini nilichowaza ni kwamba dua niliyoibeba ni ya semina, ya kukaa kwenye kiti na kuandika. Nilijiona niko juu pale bila kibali.

Kisha hofu ikaniishia, sijui hata ilienda wapi.

Kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia mahali pengine. Mbuzi walikuwa vidoadoa vyeupe. Mto ulikuwa uzi. Kivuli chetu kilipita juu ya shamba la mtu na mtu mwenyewe akainua uso. Sikutaka kuongea, na Kiprop naye, Mungu ambariki, hakuniongelesha. Nilimkumbuka baba. Nilikuwaga nasimama chini ya mnazi nikimwita, na nazi zote zimeshaanguka, naye bado yuko juu hashuki, anatazama tu. Mama alikuwa akisema mume wake ana uvivu wa kushuka. Nikiwa pale angani nilielewa kwamba haukuwa uvivu, na nikalia, machozi yakaenda upande wa masikio kwa sababu ya upepo.

Kuagana ilikuwa jana alfajiri, na kwa upande wetu ilikuwa kazi. Mkenya akiaga ameaga. Kiprop alitushika mkono mmoja mmoja, akasema safari njema, akageuka aondoke. Sisi tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza. Tuliagana mezani kwenye chai, tukaagana tena mlangoni, tukaagana kwenye gari, mmoja akakumbuka hajapiga picha na mpishi, wote tukashuka. Kiprop alirudi akacheka, akasema kwa mwendo huu ndege itatuaga yenyewe. Nilipompa mkono mara ya tatu sikuuachia upesi. Nilitaka kumwambia kwamba amenionyesha kitu cha baba yangu. Nikamwambia asante kwa kila kitu, maneno ambayo ningemwambia hata dereva.

Eldoret, Nairobi, Dar. Safari nzima nilikuwa nimeegemea dirisha, nusu nimelala. Ndege ilipoinama kutua nilikuwa natafuta bati letu kati ya mabati ya Kipawa, na kuna moja lenye kutu ambalo niliapa ni letu. Mama alikuwa chini ya bati hilo, amefunga, akiniombea barabara ya Arusha. Nikakaa sawasawa kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu. Ilikuwa saa sita mchana. Basi la Arusha huondoka asubuhi na kufika Dar jioni. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu ni bajaji ya dakika kumi. Nilipanga uongo wa kuondoka vizuri kabisa, wa kurudi sikuupanga.

Kundi liliagana pale nje, mikumbatio na ahadi. Neema aliniambia nikamwambie mama leo leo, kesho itakuwa ngumu zaidi, kisha akapanda gari lake la Madale. Nikabaki na begi langu. Nikaingia mgahawa wa jirani, nikaagiza chai na chapati, nikaanza kusubiri basi nisilopanda. Nilikadiria sasa litakuwa Korogwe. Sasa Chalinze. Watu walinipita, feni ikazunguka, na mimi nilikuwa kama bado naning'inia, sijatua popote.

Chapati ya pili ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nimeishika, na nikawaza kwamba mama yuko dakika kumi kutoka hapa, ana njaa kwa ajili yangu. Niliona haya hata kuimeza. Nikaiacha.

Saa tisa na nusu nilikuwa uani. Mama alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi ya futari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uso uliojaa furaha.

"Basi limewahi," alisema.

"Sikupanda basi, mama."

Nikamwambia yote. Semina, Kenya, mteremko, parashuti. Aliendelea kukuna nazi. Kifuu kilikuwa kimeshaisha nyama na yeye anakikuna tu.

"Juu kama minazi mingapi?"

Nilitaka kupunguza. Lakini nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha.

"Mingi, mama. Haihesabiki."

Aliweka kifuu chini, akapangusa mikono kwenye kanga. Niliogopa kuliko pale ukingoni, maana pale kulikuwa na mikanda.

"Mie nilimwomba Mungu urudi salama," alisema mwishowe. "Semina sikumtajia."

Nikadhani yamekwisha. Nikainama niubusu mkono wake, akaurudisha.

"Ila wewe hujaniaga. Toka nje, uingie, uniage."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikabeba begi langu, nikatoka hadi barabarani, mtu mzima mimi, nikapiga hodi kwetu. Alinikaribisha kama vile hajaniona. Alikuwa ameshahamia kwenye kiti, amefunga mtandio vizuri. Nikapiga magoti.

"Mama, naomba ruhusa. Naenda Kenya na wenzangu, kuruka juu."

Nilikuwa nimeshakwenda na kurudi, lakini nilipolitamka lile jambo lenyewe mbele yake nilijua kwamba naomba kweli, na kwamba anaweza kukataa.

Mkono wake ulikuja kichwani polepole. Ulinukia nazi. Alisoma dua, fupi safari hii, akakatika mara mbili katikati, akaanza upya.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Urudi."

"Nimerudi, mama."

Hakuuondoa mkono. Adhana ya alasiri iliadhiniwa mwanzo hadi mwisho na mkono ulikuwa bado juu ya kichwa changu.