Unga wa Kijani na Kalenda Yako

Mpendwa Papa,

Mwezi uliopita mjukuu wako Nafula, binti yangu, aliniletea mkebe. Mkebe mweupe, kifuniko cha rangi ya dhahabu, na picha ya mzee wa Kizungu anaruka kamba. Aliuweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, akasema, "Mama, hii utakunywa asubuhi na jioni. Magoti itapona, presha itashuka, hata usingizi utapata." Nikacheka mpaka akanuna. Sikumcheka yeye. Nilikuwa nimejiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wake, nikiingia kwenye boma lako pale Naitiri na mkebe wangu kwapani, nikitembea kama niliyeutengeneza kwa mikono yangu.

Ndiyo maana nakuandikia. Kuna jambo sikuwahi kukuambia ukiwa hai, na najua hata ningejaribu ungejifanya hujasikia, ungeniuliza kama mvua imenyesha upande wa Bungoma. Sasa huwezi kunikatiza.

Nianzie mbali, kule ulikokuwa na furaha. Miaka ya themanini mwanzoni, shamba lile kubwa nje ya Kitale, njia ya Kachibora, ulikokwenda kutoka Myanga ukiwa kijana, kukamua ng'ombe wa watu. Bado nasikia baridi ya asubuhi zile. Nawe na koti lako kuukuu lililonuka maziwa, penseli nyuma ya sikio, ukipima ndoo baada ya ndoo. Tajiri wako alikuwa na kitabu chake cha maziwa, lakini wewe ulikuwa na chako: mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita. Ulisema kitabu cha tajiri hakina nafasi ya kuandika mambo unayotaka kujua.

Unamkumbuka yule muuza chumvi ya ng'ombe? Alikuja na tai shingoni na viatu vilivyojaa matope.

"Mzee, hii chumvi ni moto! Ng'ombe ikilamba tu, maziwa inamwagika yenyewe."

"Inamwagika wapi?" ukamuuliza.

Akajichekesha. Akasema wakulima wote wa Kitale wanaisifu. Ukamjibu kwa upole ule wako uliomchoma mtu kuliko matusi: "Watu watasifu. Watu wako na adabu. Ng'ombe haina adabu, bana. Hiyo ndio mimi nasikiza. Acha mfuko moja hapa, halafu rudi mwezi ukiisha."

Ukawalambisha chumvi ng'ombe wa mstari wa kushoto, wa kulia wakakosa. Baada ya wiki mbili ukabadilisha, wa kulia wakapata, wa kushoto wakakosa. Nilikuuliza kwa nini unajisumbua, ukasema unataka kujua kama ni chumvi ama ni ng'ombe wenyewe. Chumvi ya bwana tai haikufanya kitu, ukamrudishia mfuko wake umefungwa vizuri kwa kamba. Lakini mwaka uliofuata, ng'ombe walipoanza kuokota mifupa malishoni na kuitafuna, ulikwenda mwenyewe Kitale mjini kutafuta chumvi nyingine, yenye madini ya mifupa, na hiyo ikafanya kazi. Sikuelewa. Si ulikuwa umesema chumvi ni uongo?

"Sikusema," ukanijibu. "Usiulize chumvi ni nzuri ama ni mbaya. Uliza ng'ombe inakosa nini."

Niliyasikia maneno hayo nikiwa mtoto, nikayasahau nikiwa mtu mzima mwenye akili za mjini.

Ulipostaafu ukahamia shamba lako dogo Naitiri na ng'ombe watatu, mimi nilikuwa tayari karani wa kupiga chapa Bungoma. Hiyo ni miaka ya tisini, wakati mikebe ile ya unga wa kijani ilipoanza kutembea kwenye maofisi. Rafiki yangu alinipeleka kwenye mkutano Jumamosi moja, ukumbi umejaa, watu wanasimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda kama kanisani. Huyu alikuwa hawezi kupanda kitanda, sasa analima. Yule daktari alikuwa amemkatia tamaa, sasa daktari mwenyewe anakunywa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Niliamini, Papa. Nataka ujue hilo. Sikuwaletea uongo nikijua ni uongo.

Mayi mwaka huo alikuwa amechoka. Mama yetu ambaye hakuwahi kukaa chini mchana, alikuwa anasinzia akichambua mboga. Alikuwa ameshasema anataka kwenda hospitali Kitale akaangaliwe. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, "Jaribu hii kwanza, Mayi. Hospitali watakupanga foleni kutwa nzima na wakupe vidonge vya kichwa." Akakubali mara moja, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Wewe ulivaa miwani ukausoma mkebe mbele na nyuma, kwa sauti. "Inaongeza damu. Inapunguza sukari. Inasafisha figo. Inakaza mifupa. Inaleta usingizi." Ukanitazama juu ya miwani. "Na inakamua?"

"Papa, usifanye mzaha!"

"Si mzaha, mama. Mimi natafuta mtu wa kufanya kazi moja hapa boma na nimekosa. Hii inafanya kazi tano."

Nikakasirika. Lakini kesho yake ulituduwaza wote: ulisema kuanzia sasa uji wa Mayi utaukoroga wewe, na huo unga wa kijani utautia wewe mwenyewe. Mwanamume mzima wa Kibukusu, na mwiko mkononi, alfajiri, majirani wakipita na kuchungulia juu ya ua! Mayi alicheka mpaka akashika mbavu. "Nekesa, hii unga yako ni dawa kweli. Imeponya baba yako kwanza."

Nilikuwa nikija karibu kila Jumamosi kuona maendeleo. Nami niliyaona. Nilisimama nawe mlangoni mwa zizi tukimtazama Mayi anapanda kutoka mtoni na mtungi wa maji kichwani, anaimba, anapumzika mara moja tu pale kwenye jiwe. Nikakupiga kiwiko. "Unaona, Papa?" Ukasema unaona. Jumapili moja akasimama kanisani: "Bwana asifiwe. Nashukuru Mungu kwa huyu mtoto wangu Nekesa na unga aliniletea. Nilikuwa mtu wa kulala, sasa niko na nguvu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikavimba kichwa. Wewe ulikuwa unaitazama kofia yako magotini kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani yake.

Jumamosi iliyofuata niliingia stoo kutafuta kikapu. Nikakuta mkebe wangu wa pili haujafunguliwa. Kando yake kinu, na ndani ya kinu vumbi la kijani.

"Papa, hii ni nini?"

"Kunde. Majani nimekausha na kutwanga."

"Ya nini?"

"Ya uji ya mama yako. Wiki ya pili sasa."

"Anakunywa kunde? Na alisimama kanisani!"

"Ndiyo," ukasema. "Hapo ndio nimeogopa."

Sikusubiri unieleze uliogopa nini. Nilipiga kelele ambazo majirani hawakuhitaji kuchungulia ili wazisikie. Nilisema umemfanya mke wako kichekesho, umenivua nguo mbele ya kanisa zima. Nilisema, "Mayi si ng'ombe, Papa!"

Ukajibu taratibu, "Angekuwa ng'ombe ningejua mapema."

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Mayi alikuwa mtoni, sikumsubiri hata kumuaga. Jumatatu ukampeleka hospitali Kitale. Mimi nilipata habari baadaye, kwa barua ya kaka, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitarudi mpaka uniombe radhi.

Uvimbe kwenye kizazi. Alikuwa anatokwa na damu karibu mwaka mzima, hajamwambia mtu, hata wewe, kwa sababu mwanamke wa rika lake hayasemi hayo mbele ya mume wala ya mtoto. Damu ilikuwa imebaki kidogo kiasi kwamba daktari alisema wiki chache zaidi na asingekuwa na mtu wa kupasua. Nilipofika wodini ulikuwa kwenye benchi, kofia gotini. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "nilikuambia", nilikuwa hata nimetayarisha jibu. Ukaniuliza, "Umekula?"

Na Mayi, mdomo umekauka, macho yameingia ndani, akanishika kidole akaninong'oneza, "Ile unga yako ilinisaidia sana, mama." Hata pale, Papa.

Walipomruhusu walimpa vidonge vya kuongeza damu. Ulimuuliza daktari swali lako lile lile, anakosa nini, naye akakujibu bila kuzungukazunguka: madini ya chuma, kwa sababu ya damu iliyopotea, na baada ya miezi kadhaa arudi apimwe. Uliridhika. Vidonge hivyo hukuvibadilisha na kunde, ulimhesabia kimoja kimoja mpaka vikaisha. Mayi akapona, akaishi, akambeba Nafula mgongoni. Mimi nikaacha mikebe, na wala hatukuzungumza tena habari hiyo. Nilidhani nimeielewa yote.

Mpaka tulipokuzika, tukafungua sanduku lako, mimi na kaka. Chini ya shuka kulikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo, na mgongoni mwandiko wako wa penseli. Ulikuwa umekaa zizini kila asubuhi ukihesabu ni mara ngapi Mayi anatua mtungi kupumzika kutoka mtoni hadi nyumbani. Unga: nne, nne, tano. Kunde: nne, tano, tano. Nikasema moyoni, basi, huyu ni Papa. Halafu nikaona katikati ya hizo nne na tano kuna moja. Nyingine moja. Zote Jumamosi. Kando ya kila moja umeandika: *N. amekuja. Anajikaza.*

Nilikaa sakafuni. Kaka akadhani nalilia kifo chako. Jumamosi zile zote nilizokupiga kiwiko, Mayi alikuwa anapanda kilima kile bila damu mwilini, anaimba, ili mimi nione mkebe wangu unafanya kazi. Watu wako na adabu. Wewe uliona, na hukuniambia, kwa sababu kuniambia kungeniua.

Mstari wa mwisho ni wa siku ile niliyoondoka kwa hasira. Alikuwa amenuia kuniimbia mpaka nyumbani, nadhani, akafika penye jiwe akatazama juu, akaona aliyemtarajia hayupo. Umeandika: *N. ameenda. Sita.*

Nisamehe, Papa. Ndiyo hilo nililotaka kukuambia. Wewe na Mayi, nisameheni wote wawili.

Sasa nimalizie ya Nafula. Unga wake nimekunywa wiki tatu, kwa sababu ni yeye aliyeuleta. Jumapili hii alikuja tena, tukatoka sokoni na vikapu, tukaanza kupanda ngazi za hapa ninapokaa, ghorofa ya tatu. Yeye nyuma yangu, ananitazama. Nikapanda ghorofa ya kwanza bila kusimama. Kifua kinawaka, magoti yanalia, nami tayari nimeandaa tabasamu la kugeuka nalo nimwambie, unaona?

Nikakumbuka neno lako la kwenye kalenda. Nikatua kikapu nikakaa chini, pale pale kwenye ngazi, watu wakitupita.

"Mama, nini? Si ulikuwa unapanda poa?"

"Najikaza. Nimekuwa najikaza ukija. Ukiwa haupo napumzika mara tatu."

 Nilidhani atanuna, kama mimi. Lakini damu yako haijapotea, Papa. Akakaa kando yangu, akaweka kikapu chake juu ya changu, akauliza, "Sasa unakosa nini?"

"Sijui. Kesho twende hospitali tuwaulize."

Ni mimi, binti yako uliyemuuliza kama amekula,
Nekesa