Maneno ya Shemeji Kwenye Skrini ya Kazini

Shangazi wa redioni, shikamoo. Najua kipindi chako ni cha wachumba na wakwe na langu mimi ni la kazini, lakini nisaidie kwa haraka maana maji yamenifika shingoni, na hapa ninapokuandikia nimejifungia chooni ofisini, wenzangu nimewaambia tumbo linaniuma.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta, na waandishi wetu wa programu wanatumia msaidizi wa akili bandia, yaani wanamwandikia wanachotaka naye anawasaidia kukitengeneza, na kila anachofanya yule msaidizi kinaacha nyayo, nani kamtumia, lini, kachukua muda gani kujibu, wapi kakwama, na kazi yangu ni kuzituma hizo nyayo nje, kwa kampuni nyingine ambayo inatuchorea mistari kwenye skrini ili tuone chombo kinapokwenda mrama. Tulipoanza watu waliogopa, nikasimama mbele yao nikasema jamani, msiwe na hofu, zinatoka saa na hesabu tu, maneno yenu hayatoki, na siku ile ilikuwa kweli, haki ya Mungu. Baadaye msaidizi akaanza kujibu ovyo, bosi akasema fungua na maneno tuone wanamuuliza nini, nikafungua, ni mstari mmoja tu wa mipangilio, tatizo tukalipata tukalimaliza, nikataka kufunga, bosi akasema acha kwanza. Nikaacha. Hakuna aliyewaambia wenzetu.

Sasa, mmoja wa hao wenzetu ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Mwaka huu walipata mtoto, na mtoto akafariki kabla hajajua kukaa. Sote tulimzunguka mdogo wangu, mama alilala naye kitanda kimoja, mimi nilikuwa namwogesha na kumlisha, na shemeji tukamwachia viti, wageni na kaburi, na alivipanga vyote vizuri mpaka tukamsifu, tukasema huyu ndiye mwanamume. Aliporudi kazini akawa anatania vilevile, mimi ananiita Askari wa Skrini, akipita mezani kwangu anapiga saluti.

Juzi nafuatilia nyayo nikakuta za kwake. Katikati ya kazi ameandika: "Nirekebishie hapa, halafu niambie, baba aliyefiwa na mtoto huwa analia lini?" Msaidizi akamjibu kwa upole, akamwambia atafute mtu wa kuongea naye, naye akaandika: "Sina mtu. Hapa angalau hakuna binadamu anayesoma." Na leo asubuhi, Shangazi, ameandika: "Nisaidie kuandika barua ya kumuaga mke wangu, asije akajilaumu." Chombo kimekataa, kimemsihi apige simu ya msaada, na toka hapo hajaandika kitu. Nimechungulia, yuko kwenye kiti chake, anaitazama skrini tu.

Nikimwambia najua, atajua nimemsoma, ofisi nzima itajua maneno yao yanatoka, kazi itaniponyoka, na mdogo wangu ataniuliza toka juzi nilikuwa nangoja nini. Tena bosi wala hasomi maneno, anatazama mistari, ameona ya shemeji ina mapengo marefu, anasema jamaa analala kazini, amemwita Ijumaa, na pale kwetu anayeitwa Ijumaa huwa harudi Jumatatu. Nimefikiria nizime maneno, nifute yaliyokwisha toka, nijifanye sikuona, pengine ni huzuni tu, itapita. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?

Ni mimi, Askari wa Skrini

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba. Wasikilizaji wangu, wachumba na wakwe wangoje. Barua hii imeingia sasa hivi, nimeipigia namba iliyoandikwa chini yake, inaita tu, ndiyo maana nasema nawe hewani. Pale palipoweza kukutambulisha wewe au yeye nimepageuza.

Mwanangu, pole. Pole kwa mtoto yule, alikuwa wako pia. Sasa nikugombeze. Mtu anaomba maneno ya kumuaga mkewe, wewe uko chooni unaniandikia mimi? Mimi ni sauti tu, sina hata miguu ya kufika hapo, na wewe una hatua chache za kutembea! Unauliza kama ukifuta utakuwa umekosea. Skrini utaifuta, haya, na mtu je? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mficha maradhi ni wewe.

Toka humo. Nenda mezani kwake, mwambie, "Shemeji, twende nje." Mkifika nje anza na la kwako: "Maneno yako yamekuwa yakitoka, nami nimeyasoma. Nisamehe." Atakasirika, mwache akasirike, aliyekasirika bado yupo. Kisha muulize waziwazi kama anataka kujiua. Usizungukezunguke, na usiogope kwamba utamtia wazo, wazo analo tayari, ulilisoma mwenyewe. Akikujibu, usimhubirie wala usimwambie ajikaze, mlishamwambia hivyo siku ya mazishi kwa kumsifu. Msikilize, na usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali leo hii, mpigie mdogo wako awakute huko. Usiseme mdogo wako ni mgonjwa wa huzuni hataweza. Ni mkewe, na msiba ni wao wawili. Na nyumbani, chochote cha kumdhuru kiondolewe kabla hajarudi.

Akishakuwa mikononi mwa daktari, ndipo urudi kwa bosi. Mwambie yule hakuwa amelala, amefiwa, na Ijumaa haendi popote. Zaidi ya hapo usimpe, maneno yake si yako kuyagawa. Funga ule mstari wa mipangilio, iandikie hiyo kampuni ya nje ifute yaliyokwisha fika kwao, halafu simama mbele ya wenzako palepale uliposimama mwanzo, uwaambie ukweli. Utafukuzwa? Huenda. Sikudanganyi, huenda ukafukuzwa, na itauma. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Lakini hayo ni ya kesho. Alichagua kukieleza chombo kwa sababu aliamini hakuna binadamu anayesoma. Wewe ulisoma. Haikuwa haki yako, lakini sasa katika dunia nzima anayejua ni wewe peke yako, basi uwe huyo binadamu. Kama unanisikia na bado hujanyanyuka, zima redio. Nenda.