Kile Kiatu Bado Sijakiuza

Elisabethville, Katanga
Jumatatu asubuhi

Kwako mke wangu, Mama Salima,

Amani ikufikie wewe na wote mnaolala chini ya paa la baba yako hapo Ujiji. U mzima? Salima je, kile kikohozi kimemwacha? Na huyo Juma, ambaye mimi baba yake sijamwona hata ukucha, umeandika kwamba ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Mimi mwili ni mzima, nakula, sina homa. Kinachonisumbua ni kwamba siwezi kutulia. Barua hii nimeianza mara tatu tangu alfajiri, na kila mara nainuka kwenda kuangalia kitu ambacho nilikwisha kukiangalia.

Barua yako nilipewa mkononi na yule dereva wa lori wa Tabora. Kurasa mbili za habari, na mwishoni swali moja: umeuza gari? Nakujibu kabla sijaingiwa na woga. Sijauza. Mnunuzi nilimpata na nikamkatalia. Usimwite mama yako kwanza, nikueleze tangu mwanzo.

Unakumbuka tulivyoagana kituoni. Treni ya Albertville ilikuwa bado inapita, wewe na tumbo lako na Salima mkapanda, tukakubaliana mimi nibaki wiki chache tu, niuze kile kiatu, niwafuate. Kiatu ndilo jina ulilolipa wewe, lile gari dogo jekundu la viti viwili, lisilo na paa, aliloniachia patroni, yule mwenye karakana, siku ile wazungu walipokimbilia Rhodesia. Yeye alitangulia na gari kubwa, mkewe na mbwa wawili. Aliniandikia karatasi kwamba gari ni langu, akanitia ufunguo mkononi, akaondoka hata mlango wa karakana hakufunga. Basi wiki chache zikawa mwaka. Reli ya kaskazini ikakatwa. Vita vikaja, vikapoa, vikaja tena. Watu wa kununua gari la namna ile walikuwa wamekwisha kwenda zao, na waliobaki wanatafuta malori.

Sasa sikia nilivyoingia katika mambo haya. Unamjua Yanni, yule Mgiriki mwoka mikate jirani na karakana. Aliniambia ile klabu ya magari imeanza tena. Jumapili asubuhi, mji ukiwa shwari, wanakutana kwenye uwanja wa zamani wa ndege, wanapanga mapipa yaliyopakwa chokaa, na kila mtu anazunguka na gari lake mwenyewe huku Yanni akimpima kwa saa. Si mashindano makubwa, hakuna kikombe wala bendera. Zamani mtu mweusi aliingia pale akiwa na ndoo ya kuoshea vioo. Siku hizi wamebaki wachache mno kuweza kuchagua. Yanni akasema wenye kupenda magari ya mbio wote wako pale, na ukitaka kuuza gari la mbio ulionyeshe likikimbia. Nilikwenda kuuza, mke wangu. Naapa nilikwenda kuuza.

Jumapili ya kwanza nilijiaibisha. Wewe unanijua, baba yangu aliendesha lori la pamba Kasongo, na mtoto wa dereva wa Maniema hatoki nyumbani hata kwenda kununua chumvi bila vitu vyake. Nikapakia tairi mbili za akiba, bidoni la petroli, kamba, jembe, panga, mbao mbili za kutandika kwenye matope, sufuria na mkeka. Gari lilikaa chini mpaka tumbo likawa linakwaruza. Nikajipanga mstarini nyuma ya wazungu sita na magari yao matupu yanayong'aa. Yanni akaja na saa yake shingoni, akalizunguka gari langu, akanyanyua jembe, akalitazama.

"Sefu, weye unaenda safari ao unakuya kuzunguka?"

Nikamwambia barabara ni barabara, mtu hajui litakalompata.

"Tosha bile bintu byote, shusha chini. Hapa ukiharibika, shiye tunakuona na macho."

Wakacheka wote, nami nikacheka kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Nikashusha mzigo wangu pembeni kama mtu anayehama. Kisha nikazunguka, na kwenye kila kona nikapiga honi. Ndivyo tulivyofundishwa kule kwetu, kona ya msituni hupigiwa honi, huwezi kujua nani anakuja. Niliporudi Yanni akaniuliza nilikuwa namsalimia nani.

Lakini nikajifunza. Nikajifunza kukanyaga breki gari likiwa bado limenyooka, si ndani ya kona kama tunavyofanya kwenye vumbi. Nikajifunza kulitazama pipa linalofuata na kuliachia hili nililo nalo lipite lenyewe. Usukani unashikwa kwa vidole, si kwa mabega. Breki zikianza kunuka unapumzika, hata kama moyo hautaki. Kufikia Jumapili ya tatu nilikuwa nimewazidi wawili kati ya wale sita, na mmoja wao hakunisalimia tena.

Nikuambie ukweli wote. Hapa mjini huwezi kuendesha. Ukitoka mtaani unakuta mapipa na askari wa Katanga, mbele kidogo magunia ya mchanga na askari wa Umoja wa Mataifa, wote wanataka karatasi, wote wana bunduki, na gari halipiti gia ya pili. Karakana haina kazi, vipuri haviji. Nashinda nikikaza nati zilizokazwa. Nyumbani kila kitu kiko kama ulivyokiacha na siwezi kukaa humo. Kule uwanjani napanda gia ya tatu, ya nne, upepo unanipiga usoni, na kichwa changu kinanyamaza. Nilikuwa na furaha. Naona haya kuliandika neno hilo huku wewe unalea watoto wawili peke yako, lakini nilikuwa na furaha.

Ndipo nikaanza kulipunguza gari uzito. Nikatoa bampa, nikatoa kioo cha mbele. Mwisho nikatoa kiti chako. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu hazifunguki, nikazikata kwa msumeno. Na chini ya kiti, Mama Salima, nilikuta maganda ya karanga ya kujaza kofia. Wewe uliyekula yamini kwamba hujawahi kula karanga ndani ya gari langu. Nilicheka peke yangu karakanani, halafu kicheko kikaniishia vibaya. Kiti nikakileta nyumbani, nakikalia nikila.

Jumapili iliyofuata Yanni alinionyesha kwenye saa jinsi nilivyozunguka upesi, akanishika mkono. Mzungu mmoja wa machimboni akaja papo hapo, akataka kulinunua gari, tena kwa nia ya kweli, na akasema angenitafutia nafasi ya ndege mpaka Ndola. Hapo ndipo safari yangu ya kuja kwenu ilipokuwa mkononi. Nikamwambia bado lina kasoro kwenye sanduku la gia. Halina kasoro yoyote, nimelifunga kwa mikono yangu. Nilisema uongo ili nirudi Jumapili nyingine kuzunguka tena. Sasa umejua, na kama umekasirika una haki.

Nimeinuka kidogo kuangalia mafuta ya breki. Yako sawa. Naendelea.

Sasa nikupe habari ya Mbuyi, fundi mwenzangu, yule Mkasai aliyetutengenezea kitanda cha Salima. Watu wa Kasai mji huu umewageuka. Mbuyi na mkewe na watoto walikwisha kukimbilia kambi ya wakimbizi, maelfu ya watu kwenye matope na vibanda vya magunia. Mama yake mzee alikataa kwenda. Alisema amekaa hapa tangu ujana, hawezi kufukuzwa na vijana aliowaona wakitambaa. Akafichwa na jirani yake. Wiki iliyopita Mbuyi akanitumia mtu na maneno haya: treni ya kuwarudisha Kasai inaondoka mchana ule ule, jina la mama liko kwenye orodha, wewe ni mtu wa Maniema, vizuizini hawatakugusa, tafadhali mlete.

Nikaruka ndani ya gari. Nilipofika mlangoni kwa jirani, yule mama mzee ametoka na kitambaa chake kipya kichwani, Biblia mkononi na kifurushi kimoja, ndipo nikakumbuka kwamba pa kumkalisha hapapo. Bolti nimezikata. Kiti kiko nyumbani. Muda hakuna. Nikakunja gunia nikalitandika juu ya bati, na yule mama, aliyetuletea ugali na sombe yake ya majani ya muhogo karakanani miaka yote ile bila kuuliza nani Mwislamu na nani Mkristo, akashuka chini kidogo kidogo, magoti yakamfika kidevuni, akashika chuma cha mlango.

Tukaenda. Alikuwa chini mno, hakuona chochote ila mbingu. Kila tukipinda ananiuliza, "Sasa tuko wapi?" Nikawa namtajia. Hapa ndipo soko, mama. Hapa ndipo kanisa lako. Hapa ndipo ile hospitali alipozaliwa Mbuyi. Anaitikia, anauliza tena. Mji aliouishi miaka thelathini na kitu alikuwa anauaga akiwa amekaa sakafuni, akisikia tu majina. Kizuizini askari wakainama kumtazama, wakacheka, wakatuachia tupite. Mimi nilikuwa naendesha polepole kwa sababu kila shimo lilimpiga mgongoni na hakulalamika hata mara moja.

Tulifika kituoni treni ikiwa haijajaa. Mbuyi akamwinua, akamfuta vumbi. Mama akaniwekea mkono shavuni, akanibariki kwa Kiluba, kisha akaligeukia gari akalitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Motokari yako iko muzuri, mwanangu," akasema. "Lakini iko ya muntu moya."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasifu. Mbuyi naye hakuwa na muda wa kunishukuru, watu walikuwa wanasukumana, nikamwona mara moja dirishani na sikumwona tena.

Niliporudi nyumbani nikakikuta kiti chako katikati ya chumba, sikuweza kukikalia. Mke wangu, nimekuwa nakimbia mwaka mzima na sijakusogelea hata hatua moja. Nilidhani ni barabara zilizonifunga. Barabara zimefungwa kweli, lakini ile moja iliyo wazi nilikuwa naitazama kila Jumapili kwa pembe ya jicho kutoka kwenye pipa la nne, ile inayokwenda mpakani Kasumbalesa, na mimi napinda.

Siku mbili nimechonga bolti mpya karakanani, nne, nene kuliko za zamani. Kiti chako nimekirudisha na nimekikaza mpaka mkono umeuma. Kioo cha mbele kimerudi, bampa imerudi. Karatasi ya kutoka nimeipata baada ya kusimama kwenye madirisha matano. Alhamisi, Mungu akipenda, natoka kwa njia ya Kasumbalesa, nipite Ndola, nikazane mpaka Tunduma, halafu Mbeya na Tabora mpaka kwenu. Nimepakia tairi mbili, bidoni, kamba, jembe, panga, mbao, sufuria na mkeka. Yanni alikuja jana na mikate mikavu ya njiani, akatazama mzigo wote ule, safari hii hakucheka. Alinyanyua jembe, akalirudisha mahali pake taratibu.

Siwezi kukuahidi siku. Mpakani wanaweza kunirudisha, na gari hili ni dogo kwa njia ile. Naogopa, nisikufiche. Barua naituma mbele kwa posta ya Ndola ili ujue niko njiani na usinihesabu tena miongoni mwa watu wasiosikia.

Nisalimie baba mkwe, mwambie ile bawaba ya mlango aliyoniagiza nimeipata. Mama mkwe nampigia magoti, na anisamehe kwa maneno utakayomsomea, ukimsomea. Shemeji fundi cherehani aandae kanzu ya Juma, asimpime sasa, mtoto anakua. Mwalimu wa Salima wa chuo cha Kurani nampa mkono wa heshima. Salima mbusu, mwambie baba anakuja na kiatu.

Na wewe, ukisema tuliuze, tutaliuza hapo hapo Ujiji, sitabisha. Ila usilitafutie mtu kabla sijafika. Kwanza ukae kwenye kiti chako, Juma mapajani, Salima katikati yetu, niwazungushe mji mara moja, polepole, kila mmoja akiona. Karanga umeruhusiwa.

Mimi mumeo asiyetulia,
Sefu Ramazani, fundi