Kiswahili Kilipovuka Kizingiti Musinzira

Salima, posa ya Elyse nusura ivunjike sasa hivi. Hapa hapa Musinzira, sebuleni kwao!

Unamjua baba yake: Kiswahili ni lugha ya matapeli, hakivuki kizingiti chake.

Basi wakwe wamefika kutoka Giteranyi, kule Muyinga. Msemaji wa kina Elyse akaanza ule utani wa kimila, kwa Kirundi: "Hapa hatuna binti. Mmepotea njia." Watu wakacheka. Mzee Ignace, baba yake Néhémie anayeposa, hakucheka. Amekulia Tanzania, Kirundi chake ni cha kuombea maji.

Akasimama, akachukua kofia. "Tumetoka Muyinga kuja kutukanwa? Néhémie, twende!"

Hakuna aliyethubutu kumweleza kwa Kiswahili. Hakuna, Salima! Wote walimtazama baba mwenye nyumba. Elyse alikuwa nyuma ya pazia, ambako binti hatoki mpaka aitwe, akisikia viatu vya mkwe vikielekea mlangoni.

Ndipo mama yake akatoka jikoni, mwiko mkononi:

"Papa Néhémie, ikala! Banakutania tu, ni desturi ya huku. Mutoto iko, iko nyuma ya rido!"

Mama Elyse! Ambaye mwanawe hajapata kumsikia akitamka hata "jambo".

Mumewe akainuka kitini. Msemaji akauliza, "Mama, Kiswahili hicho umejifunzia wapi?"

Akajibu huku akimtazama mumewe: "Nilizaliwa nayo, kule Uvira, ng'ambo ya mpaka. Hapa nilijifunza kunyamaza."

Mzee Ignace ameketi. Aliyebaki amesimama sasa ni baba yake Elyse.