Kipande Changu na Farasi wa Mama Njoki

Section 58, Nakuru

Mke wangu mpendwa Mama Rispa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kifua chako kimepoa? Na mama, magoti yanamruhusu kufika shamba? Mimi niko salama, ni baridi tu ya asubuhi.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Unajua nalinda mlango wa duka la Mhindi, pale watu wanabeti farasi. Mwenyewe sichezi. Sasa imetoka amri: hakuna kubeti wala kulipwa bila kipande cha kitambulisho, na jina linaandikwa. Mimi ndiye naangalia picha na uso.

Jumamosi akaja Mama Njoki, yule mjane anatuuzia chai hapo nje. Farasi wake alikuwa ameshinda, na tikiti aliikata kabla ya amri. Nikamwuliza kipande.

"Wewe mzee, umeona wapi mwanamke na kipande? Serikali iliwapa nyinyi wanaume peke yenu!"

Ni kweli, hata wewe huna. Nikaingia kumweleza mwenye duka.

"Huyu mama namjua, chai yake nakunywa kila siku," akasema. "Lakini mimi taandika nini? Lete mwanaume na kipande."

Watu kwenye laini ya kubeti wakacheka. "Mama, nioe mimi, kipande ninacho!" Mwingine akataka wagawane nusu kwa nusu. Mama Njoki akaniangalia. Nyumba yake inavuja, na hizo pesa alikuwa ameziwekea mabati. Nikatoa kipande changu, nikatia sahihi, pesa zote nikampa.

Jumapili mzee wa kanisa akaniita kando. "Ndugu, tunasikia umeshinda farasi." Nikamweleza yote. Akasema jina langu ndilo limeandikwa, basi nisishike mfuko wa sadaka mpaka nitubu mbele ya watu. Aliyempelekea habari ni mwimbaji wetu mmoja wa kwaya, naye alikuwa kwenye laini ile ile ya kubeti. Sikumtaja.

Nikitubu, nitakuwa nimesema nilicheza, na huo ni uongo mbele ya Mungu. Nikikataa, mzee huyo ndiye anatakiwa kuniandikia barua ya kanisa kwa harusi ya Rispa, na bila hiyo pasta wa huko hatawafungisha ndoa. Jumapili ijayo wanataka neno langu. Nimeomba, lakini bado sijui.

Nisalimie mama, kaka yako fundi, na jirani yetu mkunga. Rispa usimwambie kwanza.

Tafadhali nijibu haraka.

Mumeo,
Baba Rispa